Povu Hakutia Sahihi

Kwa miaka tisa gesi ya mtaa mzima ilipita mikononi mwake, na kwa miaka tisa karatasi zote zilisema aliyeifunga ni mjomba wake. Majiko ya hoteli, oveni za mwoka mikate, mashine za kukaushia nguo za dobi: bomba alikata yeye, nati alikaza yeye, na magoti yaliyochubuka kwenye sakafu za watu yalikuwa yake. Mjomba alikuwa akisimama mlangoni na kikombe cha chai, anapiga soga na mwenye nyumba. Kazi ikiisha anachomoa kalamu mfukoni, anatia sahihi yenye mikia mitatu, anasema, "Haya, mimi nimemaliza." Amemaliza nini? Chai.

Jina la Povu alipewa na wateja, kwa sababu hakuondoka kwenye kazi kabla ya kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kukodoa macho aone kama kuna povu linavimba. Mafundi wengine walikuwa wananusa tu. Fundi akiwa na mafua, mteja ajiombee mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili waliokwisha kumpita kimo, mume fundi cherehani, na ulimi ambao mjomba alisema ungefaa kukatia mabomba.

Siku iliyomtibua nyongo ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Alikuwa chini ya meza ya mwoka mikate, kichwa kimejaa unga, akamsikia mwenye duka akimwambia mjomba, "Mzee, kazi yako haina mfano. Miaka minne sasa oveni zangu hazijanisumbua hata siku moja."

"Uzoefu, bwana," mjomba akajibu.

"Na huyu mama hapa chini?"

"Huyu? Huyu ananishikia spana."

Ebo! Oveni zile zote nne alizifunga Povu peke yake, wiki ambayo mjomba alikuwa amelala nyumbani na mgongo wake, anapelekewa uji. Povu alitoka chini ya meza, akajipangusa, akakusanya spana zake. Mbele ya mteja heshima ni heshima. Lakini hawajafika hata kona ya barabara akasema, "Mjomba, naenda chuo. Nataka leseni yangu."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Leseni! Mpwa wangu, pale chuoni wamejaa vijana wa hesabu. Wewe hesabu umeziacha lini?"

"Nitazifuata zilipo."

"Na nani atamfungulia mlango mwanamke peke yake, eti kaja kumfungia gesi?"

"Watanifungulia, mjomba. Wamenifungulia miaka tisa. Sasa itabidi waniulize na jina."

Mjomba aliacha kucheka. Siku iliyofuata alimwachia mizigo yote abebe mwenyewe.

Chuo kilikuwa jengo refu la matofali, paa la bati, karakana upande mmoja na madarasa upande mwingine. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili: yeye, na vijana kumi na mmoja ambao angeweza kuwazaa wote. Siku ya kwanza mmoja wao alimwona anaingia akasimama kwa adabu, akidhani ni mwalimu. Alipomwona anakaa dawati la nyuma na kutoa daftari, akakaa polepole, aibu imemjaa. Tangu hapo walimwita mama. Kijana mmoja mwenye kichwa cha hesabu, waliyemwita Profesa, ndiye aliyekuwa akimweleza mambo ya presha na vipenyo wakati wa mapumziko, na yeye akimweleza Profesa spana inashikwa upande gani. Maana yule kijana, pamoja na akili zake zote, alikaza nati kwa kuilegeza.

Hesabu zilimtoa jasho. Kuna jioni alirudi nyumbani akatupa daftari juu ya kitanda na kusema hataligusa tena. Kesho yake aliligusa. Mwaka ukaisha, na mtihani wa vitendo ukafika.

Mtihani ule alianguka, kama walivyoanguka vijana wote. Lakini yeye alianguka kwa kosa ambalo mwanafunzi aliyeanza juzi asingeweza hata kulifanya.

Hebu sikia. Mabomba ya gesi yana viungo vya namna mbili. Kuna kile cha kuzungusha, chuma ndani ya chuma, ambacho unakiviringishia utepe mweupe wa mafundi kuziba nafasi. Na kuna kile ambacho mdomo wa bomba la shaba unapanuliwa kama tarumbeta, kisha nati inaubana kwenye mwenzake, mdomo kwa mdomo. Hapo utepe ni sumu. Ukiuweka, midomo haikutani sawasawa. Leo itashika, mwezi ujao itaanza kuvuja kimyakimya. Darasani Povu alikuwa ameyajua haya kama alivyojua majina ya wanawe. Lakini mjomba alikuwa akiviringisha utepe kila mahali, na Povu alijifunza kwa mjomba. Siku ya mtihani kichwa kilikuwa kinahangaika na hesabu, na mikono, kwa mazoea ya miaka tisa, ikaingia mfukoni, ikatoa utepe, ikaviringisha. Viungo sita. Yeye mwenyewe hakujiona.

Mtahini alikuwa mwanamume mwembamba aliyechomeka kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Alifungua nati ya kwanza, akauvuta ule utepe kwa vidole viwili, akauning'iniza vijana wote wauone.

"Huu," alisema, "ndio ufundi wa vichochoroni."

Povu aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni na kuchoma masikio. Sheria ya chuo ilikuwa nafasi mbili tu. Ukianguka ya pili unaanza mwaka upya, kuanzia ukurasa wa kwanza. Mjomba alipopata habari alisema neno moja, "Nilikuambia," na akalirudia kwa kila mteja waliyemtembelea wiki ile, kama mtu aliyepewa tangazo la kusoma.

"Unaacha?" mume wake alimuuliza.

"Thubutu!"

"Basi nipe huo utepe."

Fundi cherehani alikusanya tepe zote kutoka sanduku la vifaa la mkewe na mifuko ya makoti yake, akazifungia kwenye droo ya zipu na vifungo. Kisha akatafuta ubao, akaupigilia vipande vya bomba la shaba, akauegemeza ukutani karibu na cherehani. Kila jioni kabla ya chakula Povu alifunga viungo thelathini na kuvifungua, huku mume anashona na kumwangalia kwa pembe ya jicho. Mkono ulipoelekea mfukoni, alipiga kelele, "Mkono!" Wiki ya kwanza kelele hizo zilisikika mpaka kwa jirani, aliyekuja kuuliza kwa nini ndani humo kuna mtu anazuiwa kula.

"Usijione mjinga," mume alimwambia. "Mimi yule aliyenifundisha alikuwa anakata uzi kwa meno. Nimetumia miezi mingapi kuacha? Na mpaka leo nikikasirika nang'ata."

Kwa kuwa hakuiamini tena mikono yake, Povu alikiamini kitabu. Alikisoma kutoka jalada hadi jalada, hata kurasa ambazo mwalimu aliziruka akisema ni za kawaida tu. Katika moja ya kurasa hizo alikuta jambo ambalo mjomba hakuwahi kulifanya maishani, na darasani lilitajwa mara moja tu, haraka haraka, kabla ya kengele. Kabla hujapima kama bomba linavuja, kilisema kitabu, pima kwanza kama valvu kuu, koki inayoruhusu gesi kutoka kwenye mitungi, inafunga kweli. Ingiza nusu ya presha, funga valvu, subiri dakika moja, tazama kipimo. Kipimo chenyewe ni mrija wa kioo uliopinda, una maji ndani, na pembeni umeandikwa alama. Maji yakitulia, endelea. Yakipanda, valvu inajifanya imefunga huku inapitisha gesi. Acha kazi hapo hapo, funga mitungi, toa taarifa.

Povu alisoma mara tatu mpaka ikamwingia. Valvu ikiwa inapitisha, kila kinachovuja mbele kinajazwa kutoka nyuma, na maji kwenye mrija yanasimama tuli, unaandika sifuri na kwenda zako. Ni sawa na mtu anayepima kama ndoo imetoboka huku mfereji unadondoka ndani yake. Alifunga kitabu, akaanza kuhesabu kichwani nyumba ambazo yeye na mjomba waliziandikia sifuri. Hakumaliza kuzihesabu. Asubuhi alianza kuzizungukia moja moja na kipimo cha kuazima, bila kumwambia mjomba.

Mtihani wa pili ulifanyika karakanani, meza moja, mtu mmoja mmoja, kila mtu dakika sitini kamili. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na vijana waliokwisha kupimwa walikuwa wamejazana nje kwenye kingo, wanachungulia. Kumi walikuwa wamemaliza, na wote kumi walikuwa wanatabasamu. Povu alikuwa wa kumi na moja. Alivuta pumzi, akaingia.

Viungo alivifunga vyote, na mkono haukwenda mfukoni hata mara moja. Alifurahi mpaka akatamani mume wake awepo. Mtahini alizikagua nati kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, ingawa shingo upande. "Haya, mama. Pima, andika, tia sahihi. Una muda mwingi."

Povu akaingiza nusu ya presha. Akafunga valvu kuu. Akasubiri, macho kwenye mrija.

Maji yalipanda.

Yalipanda kidogo sana, alama moja, kisha nusu ya nyingine. Alifungua, akaanza upya, akakaza valvu kwa nguvu zake zote. Yakapanda tena.

"Mwalimu," alisema, "hii valvu inapitisha."

"Ruka hapo. Endelea na kipimo chenyewe."

"Kitabu kinasema nisiendelee."

Mtahini aliichomoa kalamu nyuma ya sikio. "Mama, valvu hii nimeikuta hapa. Watu zaidi ya mia wamefaulia mezani hapa."

"Basi watu zaidi ya mia wamedanganywa, mwalimu."

Dirishani vijana wakasukumana waone vizuri. Profesa, aliyekuwa wa tatu kupimwa, aliingiza kichwa ndani na kunong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, andika sifuri! Sisi sote tumeandika sifuri. Itasimama tu, usiwe na wasiwasi!"

Na kweli ingesimama. Hilo Povu alilijua kuliko wote waliokuwa pale. Angeongeza presha, maji yangesimama tuli, angeandika sifuri, angetia sahihi, na leseni ingekuwa yake. Aliogopa. Tuseme kweli: aliogopa sana. Aliuona mwaka mwingine mzima wa dawati la nyuma, akamsikia mjomba akisema "Nilikuambia" kwa mwoka mikate, kwa dobi, kwa kila mwenye jiko. Kalamu ilikuwa mkononi. Mstari wa sahihi ulikuwa wazi, na juu yake kumeandikwa: *Nathibitisha kuwa ni salama.*

Aliitua kalamu.

"Siandiki," alisema.

"Usipoandika umeanguka."

"Niandike nimeanguka. Lakini andika na sababu. Andika nimeanguka kwa kukataa kusema uongo."

"Mama, usinipandishie sauti."

"Sijapandisha bado."

Alitoka nje kwa mlango wa nyuma, akafunga mitungi yote minne iliyokuwa imepangwa ukutani, akarudi, akachukua kile kibao chekundu kilichoandikwa USIFUNGUE, ambacho kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari tangu zamani bila mtu kukigusa, akakifunga kwenye valvu kwa waya. Kisha akalivuta sanduku lake la vifaa, akaliweka mbele ya valvu, akaketi juu yake, mikono kifuani.

"Muda wako unakwenda," mtahini alisema.

"Uende."

"Kuna mwenzako anasubiri kupimwa!"

"Asubiri. Au alete kiti tukae wote."

Vijana dirishani waliangua kicheko, kisha wakatazamana, maana walianza kuelewa. Kama mama huyu yuko sahihi, sifuri zao kumi zilikuwa hazina maana yoyote. Mmoja akamwambia kwa uchungu, "Mama, unatuharibia!" Povu alimsikia. Alimwonea huruma, lakini hakusogea hata inchi moja. Saa ya ukutani ikagonga, dakika sitini zikaisha, mtahini akaandika neno moja kwa wino mwekundu na kwenda kumwita mkuu wa chuo amwondoe.

Mkuu wa chuo alikuwa mama mfupi mwenye miwani, ambaye kabla ya kupewa ofisi alifunga gesi viwandani kwa miaka mingi. Aliingia, akatazama kibao, akamtazama aliyeketi mbele yake.

"Kuna nini hapa?"

"Valvu inapitisha, mkuu."

"Nani kasema?"

"Maji yamesema. Mimi nimeyasoma tu."

Mkuu alivua saa yake, akaiweka mezani. Aliagiza mitungi ifunguliwe, akapiga magoti mwenyewe na sketi yake, akaingiza nusu ya presha, akafunga valvu. Karakana nzima iliutazama ule mrija. Dakika haikuisha. Maji yalipanda alama mbili, na hakuna aliyehitaji miwani kuyaona.

Mkuu alisimama, akapangusa magoti. "Waliopimwa kwenye meza hii ni wangapi?"

"Kumi, na huyu," mtahini alisema.

"Waliandika nini?"

"Sifuri."

"Wote?"

"Wote."

"Wote watarudia, meza ikishabadilishwa valvu." Dirishani kukasikika mguno wa watu kumi kwa pamoja. "Na huyu mama?"

Mtahini alikohoa. "Huyu muda wake ulikwisha, mkuu. Hakumaliza. Sheria ni sheria."

"Kitabu kinasema ukikuta valvu inapitisha ufanye nini?"

"Uache kazi, ufunge mitungi, utoe taarifa."

"Alikwambia saa ngapi?"

Mtahini alitazama karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dakika ya thelathini na nne."

"Basi alimaliza dakika ya thelathini na nne," mkuu alisema. "Zilizobaki zote ulikuwa unamchelewesha wewe."

Povu alitaka kusema kitu kikali, alikuwa nacho tayari, lakini machozi yakamtoka mbele ya vijana wote. Hakuyafuta. Profesa aliruka dirisha, akaja kumshika mkono, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amepoteza sifuri yake.

Leseni ilitoka baada ya wiki tatu. Povu aliipeleka dukani kwa mjomba asubuhi na mapema, akaiweka mezani mbele yake. Mjomba aliigeuza mbele na nyuma, akasoma jina kwa sauti ndogo, jina lote, la kwake na la baba yake.

"Haya. Hongera," alisema, na kwa mtu wa namna yake hilo halikuwa jambo dogo. Kisha akavuta droo, akatoa fomu. "Imekuja wakati mzuri. Dobi kaweka mashine mpya ya kukaushia, anataka kufungua leo. Jana nimeifunga mwenyewe. Siku hizi wanataka sahihi ya fundi aliyepita chuo. Nimekwisha jaza kila kitu. Tia hapo chini, nimpelekee."

Povu aliisoma. Valvu: nzuri. Kuvuja: sifuri. Maandishi ya mjomba, yenye mikia.

"Nani kapima?"

"Nimekwambia nimefunga mwenyewe."

"Nimeuliza nani kapima, mjomba."

Mjomba alikunja uso. "Nimenusa."

"Basi sitii."

"Ati nini?" Mjomba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi ndiye niliyekuonyesha spana! Mimi nimekushika mkono hujui hata nati ni nini! Leo umepata kikaratasi, unanikatalia?"

"Ulinionyesha, na nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nizeeke. Lakini jina langu haliendi kwenye kitu ambacho sijakipima. Wala lako, mjomba. Naenda kwa dobi sasa hivi kabla hajawasha."

"Na ukikuta inavuja? Huyo ni mteja wangu wa miaka ishirini! Kishatangaza leo anafungua! Unajua atakasirika kiasi gani?"

"Akasirike," Povu alisema, huku anachukua kipimo chake. "Akasirike akiwa hai."

Alikuwa ameshuka ngazi na kufika barabarani aliposikia mlango wa duka ukifungwa kwa kishindo nyuma yake, na sauti ya mjomba, bado ina hasira, ikimfuata.

"Ngoja basi! Nivae viatu!"

"Vaa haraka," alijibu bila kugeuka. "Dobi anafungua saa mbili."